Nyumba ya mamangu imepata mnunuzi wa milioni 12, kakangu anataka tukanunue ardhi Hindi, bara ya Lamu

BARUA

Assalam aleykum Bi Mshauri,

Nakuandikia niko darini saa nne ya usiku manake watoto washalala na hii ndio saa peke yake ninayopata nafasi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mjane, nina watoto wawili, napika mahamri na mkate wa mofa nauza asubuhi. Nakaa Mkomani, Lamu, kwenye nyumba hii hii ninayotaka kukwambia khabari zake, hapa ndipo nilipozaliwa.

Mamangu alitangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita, babangu alimtangulia zamani. Tumebaki watatu: kakangu mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyeolewa Mombasa. Nyumba ilikuwa ya mama, alirithi kwa babake. Ni ya mawe, gorofa moja, ina daka, ina kiwanda (ua) cha ndani, ukuta mmoja wote ni zidaka (vishubaka vya ukutani), na boriti zimekuwa nyeusi kwa moshi wa uvumba wa miaka sijui mingapi. Kwa mirathi kaka ana mafungu mawili na sisi wanawake fungu moja moja, hilo halina ugomvi. Ugomvi ni huu unaofuata.

Mwezi uliopita dalali mmoja kaleta mzungu. Alizunguka nusu saa, akapiga picha zidaka, akaikwepa sufuria niliyoitega chini ya boriti pale panapovuja, akasema "nzuri sana" mara tatu akaenda zake. Siku mbili baadae dalali akanipigia, milioni 12. Yaani kaka milioni 6, mimi 3, mdogo wangu 3. Anataka jibu kabla ya Ramadhani, ati mzungu ana nyumba nyingine mbili Shela anaziangalia.

Kaka akaruka juu. Yeye ana boti ya abiria ya Mokowe, kila siku anapita anaona meli bandarini, akilini mwake dunia nzima inakuja Lamu. Hataki tugawane pesa. Anataka tuziweke pamoja tununue ekari 5 upande wa Hindi, ekari moja milioni 1 na laki 8, jumla milioni 9, halafu tukatekate ploti tuuze. Kanichorea kwenye karatasi ya unga: ekari moja inatoa ploti 8, mara 5 ni 40, kila ploti laki 5, ni milioni 20. "Dimandi inakuja dada, sisi tutakuwa tushakaa tunaingoja," ndio maneno yake.

Jumamosi moja akanipeleka nikaone kwa macho. Boti mpaka Mokowe halafu bodaboda, barabara ya lami nzuri sikatai. Kutoka jeti mpaka Hindi nilihesabu vibao 23 vya ploti zinauzwa. Kimoja kimeandikwa "karibu na bandari" na pale ulipo bandari yenyewe huioni hata ukipanda juu ya mti. Shamba lenyewe ni mikoma, miiba na mbuzi wa watu, na jiwe la sementi lenye namba limepakwa rangi nyekundu. Dalali wa huko (si yule wa mzungu, huyu mwingine) akatwambia miaka ya nyuma kabla ya habari za bandari ekari ilikuwa bei ya mbuzi wachache, na mwakani hii ya milioni 1 na laki 8 hatutaipata.

Mimi moyo wangu hautaki kuuza. Nyumba za mawe haziongezeki Bi Mshauri, hakuna anayejenga nyingine kama hizi, na mji umeandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, kwa hivyo mimi naona bei ni kupanda tu, tungoje. Juu nimepaweka vizuri napangisha wageni kwa siku, 4,500 kwa usiku, mwaka jana nilipata kama siku 60. Sehemu ya pesa natengeneza paa, inayobaki nawatumia nduguzangu, si nyingi.

Kaka anasema mimi nang'ang'ania kwa sababu nakaa bure. Lilinichoma hilo neno. Mdogo wangu yeye hataki nyumba wala Hindi, mumewe kasimamishwa kazi, kila akipiga simu ni "dada mimi nataka changu". Juzi kaka kasema kama sitaki atauza fungu lake peke yake kwa mzungu halafu tuone nitaishi na nani.

Nifanye nini? Nauliza pia kama kuna namna ya kujua ni nani kati yetu anayeona mbele na nani anayeota, manake usiku mwengine nafikiri labda kaka ndiye mwenye akili na mimi ni mwoga tu.

Mwenye robo, Lamu


MAJIBU

Waaleykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sufuria chini ya boriti sijaisahau, nitairudia.

Kwanza niseme nilivyoelewa, kama nimekosea utanisahihisha. Mna nyumba moja na watu watatu wenye haja tatu tofauti. Kaka anataka mali ikue haraka, mdogo wako anataka pesa mkononi saa hii, na wewe unataka pa kukaa na pa kumkumbukia mamako. Hakuna mbaya hapo. Lakini mmekaa mnabishana kama kwamba suala ni moja, nyumba au ploti, na ndio maana hamfiki popote.

Umeuliza nani anaona mbele. Mimi naona nyote wawili mnafanya jambo lile lile, wewe na kaka. Kaka anasema watu watakuja Hindi, wewe unasema bei ya nyumba za mawe ni kupanda tu. Kila mmoja anamtegemea mnunuzi wa kesho ambaye hajamuona uso. Tofauti ni kwamba yeye amechora kwenye karatasi ya unga na wewe umeweka moyoni.

Tuanze na kaka, manake hesabu yake inavutia. Ekari 5 kwa 8 ni 40, sawa, lakini ploti hazipandwi kama mahindi mstari kwa mstari, lazima kuwe na njia za kuingilia, ukitoa njia unabaki na 33 au 34 hivi. Halafu kuna sorovea, kuna ruhusa ya bodi ya ardhi kama ni shamba la kilimo, kuna hati kwa kila ploti, kuna ushuru wa stempu wakati mnanunua, asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani na 4 ikiwa ya mji, kuna wakili, kuna dalali wa kununua na dalali wa kuuza. Ile milioni 3 iliyobaki kwenye 12 itapungua hivi unaitazama. Hayo yote yanahesabika. Kitu ambacho karatasi ya unga haikuandika ni muda. Mkiuza ploti 4 kwa mwaka hizo 33 zinakwisha baada ya miaka 8, na mdogo wako miaka 8 mumewe hana kazi anangoja nini?

Na mwanangu, wewe mwenyewe ushaifanya kazi ambayo wengi hawaifanyi, ulihesabu vibao! Vibao 23 kutoka jeti mpaka Hindi. Kila kibao ni mtu aliyepiga hesabu kama ya kaka, na nyuma ya kila kibao kuna ploti sijui ngapi. Nyinyi mtakuwa kibao cha 24. Kaka anasema "dimandi inakuja", yaani wanunuzi, lakini macho yako yaliona saplai, yaani ploti za kuuzwa, iliyofika zamani na imeshajipanga kando ya barabara. Na ardhi bara ile si kama kisiwa, ukiimaliza ya mbele ya barabara kuna ya nyuma yake, na nyuma ya hiyo. Mahali ambapo kila mwenye shamba anaweza kuamka kesho akakata ploti, bei haipandi kwa kuwa watu wanaisema, inapanda wakija wanaotaka kukaa pale kwa wingi kuliko ploti zinazokatwa.

Bandari ipo, simkatai kaka. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa Machi 2012, marais walikuja, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Gati tatu zimejengwa kati ya 23 zilizokuwa kwenye mpango. Lakini umuulize kaka, yeye ndiye anayepita pale kila siku: mizigo ile inashuka ikipakiwa malori ya kwenda Ethiopia, au sehemu kubwa inashushwa hapo ikangoja meli nyingine ndogo iichukue? Manake hayo mambo mawili yanalisha watu tofauti. Mzigo unaotoka meli hadi meli unataka kreni na watu wachache. Lori linalolala njiani ndilo linalotaka gesti, hoteli ya chai, fundi wa tairi, chumba cha kupanga cha dereva na mke wake. Bomba la mafuta nalo lililotarajiwa kuja Lamu, Uganda mwaka 2016 iliamua kupitisha lake Tanga, na watu waliokuwa wameshanunua ardhi kwa ajili ya bomba walibaki na ardhi. Mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe huko huko upande wa Kwasasi, leseni yake ya mazingira ilifutwa na baraza la kitaifa la kesi za mazingira mwaka 2019. Mimi sisemi ilikuwa vibaya, baharini kwenu mnajua wenyewe, nasema kila jambo lililotangazwa lilipandisha bei ya ardhi siku ya kutangazwa, na lisipotokea hakuna aliyepita na kipaza sauti kushusha bei, watu wameacha vibao vyao na bei zao na wananyamaza. Kwa hivyo bei uliyoambiwa na dalali ni bei ya kibao. Mwambie akuonyeshe ploti iliyouzwa miezi sita iliyopita, nani kanunua, na amefanya nini nayo. Kama wote walionunua wanangoja kumuuzia mwengine, basi mahali pale hapana mnunuzi, pana madalali na mbuzi.

Tena kuna jambo la hati, na Lamu hili si dogo. Mwaka 2014 Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta aliagiza hati za makampuni 22 zifutwe, ardhi yenyewe kama ekari 500,000 kaunti hiyo hiyo yenu. Hao walikuwa makampuni wana mawakili. Nyinyi mkipewa barua ya ugawaji mkaambiwa "hati inakuja", hiyo barua si hati. Sachi, yaani kukagua hati kwenye ofisi ya ardhi, ifanywe na wakili wenu, si wakili wa dalali, na muwaulize wazee wa pale mbuzi wale ni wa nani na wanalisha hapo tangu lini.

Sasa tuje kwako, usifikiri nimekusahau.

Ni kweli nyumba za mawe za Mkomani haziongezeki. Lakini kitu kuwa kichache peke yake hakifanyi kiwe ghali, lazima kiwe kichache NA kinatakikana. Mji wa kale uliandikwa UNESCO mwaka 2001, hilo linazuia watu kubomoa na kuleta maghorofa, ni zuri kwa mji, ila pia linampunguza mnunuzi: asiyependa chokaa na boriti na punda kubeba mchanga mpaka mlangoni huyo hanunui hata umpe nusu bei. Wanaonunua ni wachache, wengi ni wageni, na wageni ni kama ndege. Unakumbuka 2011? Septemba Kiwayu, Oktoba Manda, watu wakatekwa, na ndani ya wiki hoteli zikawa tupu. Ikaja 2014 shambulio la Mpeketoni na kafyuu yake. Ikaja 2020, ndege za nje zikasimama Machi mpaka Agosti. Idadi ya nyumba Shela na Mkomani haikupungua hata moja miaka hiyo, wageni ndio walipungua, na nyumba zikiwa hazipungui wala haziongezeki basi mzigo wote unabebwa na bei. Ndiyo maana bei za kwenu zinaruka sana zikipanda na zinaanguka vibaya zikishuka. Ukingoja, ngoja ukijua unangoja bahari ya namna hiyo.

Na hesabu yako pia tuipige, kwa upole. Siku 60 kwa 4,500 ni laki 2 na elfu 70 kwa mwaka. Kwenye kitu cha milioni 12 hiyo ni kama shilingi mbili na robo kwa kila mia, na paa halijatengenezwa. Kaka akisema mali imelala hakosei sana. Lakini na yeye hajahesabu yote. Wewe ungepanga nyumba ya kukaa na watoto wawili hapo Lamu, tuseme 15,000 kwa mwezi, ni laki 1 na elfu 80 kwa mwaka. Hiyo nyumba inaitoa kila mwaka, isipokuwa inaingia kwako peke yako. Hapo ndipo neno "unakaa bure" linapotokea, na nadhani lilikuchoma kwa sababu lina chembe ya kweli ndani. Usikasirike. Wewe pia ndiye unayetega sufuria, unayefungua mlango mgeni akija saa nane za usiku, unayefua mashuka, na hilo nalo halijaandikwa popote. Kaeni muandike vyote viwili, kodi ambayo hulipi na kazi ambayo hulipwi. Huenda zikakaribiana, huenda zisikaribiane, lakini kaka atanyamaza kidogo na wewe utalala.

Kuhusu kitisho chake cha kuuza fungu lake kwa mzungu, sidhani ni rahisi hivyo. Jina kwenye hati ni la nani? Kama bado ni la mama, au hata la babu, hakuna anayeuza chochote mpaka mirathi ipite kwa Kadhi na majina yenu yaingie, na mnunuzi mwenye akili hanunui nusu ya ugomvi wa ndugu. Mwende kwa Kadhi hata kama mnapendana, hasa kama bado mnapendana. Halafu mjue mzungu asiye raia kikatiba hamiliki ardhi Kenya moja kwa moja, kifungu cha 65 cha katiba ya 2010, anachopata ni kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Dalali akisema "anauziwa" anasema kama tunavyosema sote mitaani, ila kwenye karatasi ni kukodi. Miaka 99 kwako na kwa watoto wako ni kuuza tu, tusidanganyane, lakini neno lenyewe linafungua mlango mwengine.

Mlango huo ni huu. Mtu anaweza kukodi miaka 12, au 15, si 99, kwa sharti kwamba matengenezo ni juu yake, paa, chokaa, boriti, choo, halafu muda ukiisha nyumba inarudi. Wazungu wengine wanaopenda Lamu wanapenda hivi pia, hawataki kuacha milioni 12 kwa nyumba wanayolala miezi mitatu. Inatatua paa, inamletea kaka na mdogo wako kitu, na nyumba ya mama inabaki yenu kwenye hati. Hasara zake pia zipo. Wewe utahama, au mgawane chini na juu jambo ambalo si kila mgeni atakubali. Mpangaji anaweza kutengeneza nusu akapata ugonjwa au talaka akatokomea. Mkataba usioandikwa vizuri nani analipa nini utawaletea kesi mbaya kuliko hii. Na matengenezo ya nyumba ya mji wa kale lazima watu wa makumbusho waridhie, mtu asije akavunja zidaka akaweka vioo.

Kuna njia nyingine, ya kumlipa mdogo wako kwanza. Haja yake ndiyo ya haraka na ndiyo ndogo. Wewe na kaka mkikubaliana bei ya nyumba ya kweli, iliyopimwa na mthamini si ya dalali, mkamnunulia fungu lake kidogo kidogo kwa maandishi, mnabaki wawili na kelele inapungua. Hatari yake ni kwamba kidogo kidogo huwa haiishi, na yeye anaweza kusema bei ilikuwa ndogo siku mzungu mwengine akitaja milioni 16.

Au mnauza. Nalo si dhambi. Mkiuza jueni kuna kodi ya faida ya mtaji, tangu Januari 2023 ni asilimia 15, zamani ilikuwa 5, inapigwa juu ya faida wala si juu ya bei yote, na nyumba mtu aliyokaa mwenyewe ina msamaha wake kwa masharti, hilo muulize wakili kabla ya kugawana kichwani zile 6 na 3 na 3. Halafu si lazima pesa zote ziende njia moja! Huyu kaka kawafunga nyote kwenye boti yake. Yeye ana milioni 6 zake, kama anaamini Hindi anunue ekari yake moja au mbili kwa zake, akae angoje, si haramu. Kwa nini fungu la mjane na fungu la mtu ambaye mumewe hana kazi liwe ndilo la kumsindikiza?

Kama ni upande huo wa bara lazima uende, mimi ningetazama Mokowe kwa jicho jingine. Ofisi za kaunti ziko hapo, kuna walimu, manesi, askari, wafanyakazi wanaotafuta chumba mwisho wa mwezi, hao ni watu unaoweza kuwahesabu leo. Uende ukalale huko siku mbili, saa mbili za usiku utembee utazame vyumba vya kupanga vingapi vina taa na vingapi vina giza. Uulize kodi ilikuwa ngapi mwaka juzi na sasa ni ngapi. Lakini hata hapo nikutahadharishe, hili limenikuta mimi mwenyewe hapa Malindi. Mimi na marehemu mume wangu tuliona vyumba vya jirani vinagombewa, mtu anatoka asubuhi mwengine anaingia jioni, elfu 6 kwa mwezi, tukasema basi na sisi. Tulijenga sita. Ilituchukua mwaka na nusu manake pesa zilikuwa zinakuja kidogo kidogo. Siku tunapaka rangi nikatoka nje nikatazama mtaa, nikaona na wengine wanne wanapaka rangi. Sote tulimuona jirani yule yule! Tulipangisha kwa elfu 4 na viwili vilikaa vitupu mpaka Ramadhani mbili zikapita. Kwa hivyo ukitembea Mokowe usihesabu taa tu, hesabu na marundo ya mawe na mchanga uliomwagwa kando ya njia, hayo ndiyo vyumba vitakavyoshindana na vyako ukimaliza. Na uonje maji ya kisima.

Hii habari ya jibu kabla ya Ramadhani mimi ingenipunguzia haraka badala ya kuniongezea. Kama nyumba za namna yenu ni chache na zinatakikana kama dalali anavyosema, mnunuzi ndiye mwenye haraka, si nyinyi. Na kama kweli ana mbili Shela anaweza kuhamia huko kesho, basi nyumba zinazouzwa si chache kama unavyofikiri. Mojawapo ni kweli. Muulize dalali kwa adabu zile mbili za Shela zimekaa sokoni tangu lini na bei zake, akizitaja utakuwa umejua jambo kuhusu yako, asipozitaja pia.

Ulisema labda wewe ni mwoga. Mwoga hahesabu vibao, mwanangu. Ila nataka ujiulize swali moja ukiwa huko darini: kama nyumba hii ingekuwa ya mtu mwengine, si ya mama, ungetoa milioni 3 zako kununua robo yake? Jibu likiwa hapana si lazima uuze, watu wanaweka vitu kwa mapenzi na mapenzi nayo ni sababu, lakini hapo uwaambie nduguzo wazi kwamba ni mapenzi, usiwaambie bei itapanda.

Na lile paa, mkiuza msiuze, mkodishe msikodishe, tafuteni fundi wa chokaa kabla ya masika. Gharama mchangie kwa mafungu, kaka nusu, nyinyi robo robo. Mnunuzi yule aliikwepa sufuria mbele yako na hakusema kitu, lakini usifikiri hakuihesabu. Kisha uniandikie tena, na kama utakuwa umekwenda Mokowe usiku uniambie taa zilikuwa ngapi.